Tabea na Pombe ya Kuondoa Matanga

Tabea alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa na Mmeru kwa kuolewa. Kwa upishi wake, mama mkwe wake alisema, hakuwa wa kabila lolote linalojulikana.

"Ndizi hizi umezipika au umezitisha tu?" bibi Ndeshi aliuliza karibu kila jioni.

"Zilitishika zenyewe, mama, zilipokuona unakuja."

Waliishi hivyo miaka mingi huko Poli, chini ya Mlima Meru, Aminieli, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, akiwa katikati yao kama ukuta wa udongo, mateke ya pande zote yakiishia kwake. Kisha masika yakaingia na homa ya mapafu, na Aminieli akafa.

Mwaka ule Kenya ilikuwa inawaka kwa uasi wa Wakikuyu, na Waingereza huku Tanganyika walimtazama kila Mkikuyu kwa jicho la mashaka. Tabea alikuwa anakaa kwa kibali, na kibali kilimtaja kama mke wa Aminieli. Alipoitwa bomani Arusha, alishuka na mkwewe pamoja na shemeji yake Sumari. Wakapita Kijenge na tope hadi magotini, mpaka mbele ya meza ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Karani Ephraimu, Mchaga mwenye suruali ya kaki iliyonyooka kuliko maisha ya mtu, ndiye aliyetafsiri.

"Shikamoo, mama," alimwambia Ndeshi kwanza, kisha akamgeukia Tabea. "Dada, aliyekudhamini amekufa, na kibali kimekufa naye. Njia ni tatu. Urudi kwenu Kenya, au umpate Mzungu wa kukuajiri na kukudhamini, au uolewe tena na mwenyeji wa hapa."

"Na mtoto wangu Kaanaeli?"

"Mtoto ni wa ukoo wa babake. Atabaki."

Sumari, mwenye mke na watoto sita, akakohoa kama mtu anayetaka kujitolea. Ndeshi akamtazama. Kikohozi kikapona.

"Mwambie bwana wako," bibi akasema, "huyu haendi popote. Matanga hayajaondolewa. Mjane wa Kimeru akivuka mto kabla pombe ya kuondoa matanga haijanywewa, ng'ombe wa ukoo mzima huharibu mimba."

Sumari akabaki mdomo wazi. Ephraimu akatafsiri huku ameuma mdomo wa chini. Lakini Bwana Shauri alipenda mila za wenyeji kuliko chai ya saa kumi. Akaandika kibali kipya papo hapo: Tabea akae mpaka pombe hiyo itakaponywewa.

Njiani Tabea akauliza, "Mama, mila ile ni ya tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Kaza mwendo."

Basi pombe haikupikwa. Ilikuwa adhabu kwa ukoo wote, lakini hasa kwa Ndeshi. Alikuwa Mlutheri, ila mbege, pombe ile ya ndizi na ulezi, ilikuwa imemfikia kabla ya wamisionari. Sasa hakuthubutu kuonekana na kata ya pombe mkononi hata kwa jirani, watu wasije wakasema mama mtu amemaliza kulia. Bomani kukapelekwa sababu: ndizi bado changa; ulezi umeliwa na ndege; mzee wa kuibariki pombe yuko Momela anamtafuta fahali wake, na fahali huyo, kila Ephraimu alipouliza, alikuwa ameonekana mbele kidogo.

Mwishowe Bwana Shauri akapanda Poli mwenyewe, na gunia la ulezi garini.

"Anasema ukoo umeteseka vya kutosha," Ephraimu akaeleza kwa unyonge. "Atarudi ikiiva, anywe nanyi."

Wanawake wakapika. Mikono iliyokaa bure muda wote ule ikasahau hata kukosea. Harufu ikatambaa migombani mpaka wanaume wakaanza kufika bila kualikwa. Siku ilipotimia Bwana Shauri akakalishwa kwenye kiti. Tabea alisimama amemshika Kaanaeli mkono, akilitazama pipa la pombe kama mtu anayetazama kaburi lake.

"Mama wa marehemu ndiye anayeonja kwanza," Ndeshi akatangaza. Ilikuwa mila nyingine mpya.

Akajaza kinywa. Akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda, mashavu yamevimba, koo likipanda na kushuka bure. Kisha akageuka, akatema yote chini.

"Imeharibika. Marehemu ameikataa. Mwageni."

Wanaume wakaguna kama zizi zima limekanyagwa mkia.

"Mama, mbona harufu yake..."

"Sumari!"

Pipa likamwagwa. Bwana Shauri akauliza itapikwa lini tena. "Mwakani," akajibiwa, "Mungu akijalia ulezi." Akaandika, akaondoka.

Tabea alimkuta mkwewe migombani, ameketi karibu na udongo uliolowa, anajifuta macho.

"Mama, iliharibika kweli?"

"Tangu niolewe sijaonja mbege kama ile."

Tabea akaketi kando yake. Wakalia pamoja, mmoja akimlilia Aminieli, mwingine akimlilia Aminieli na pipa zima.