Msikanyage Sana

Juzi, kwenye kibanda cha video hapa Bofu, nimeona wamebandika picha ya sehemu ya tisa ya filamu ya yule muuaji mwenye kinyago. Zile tatu za kwanza nilizitazama na kaka yangu Kazungu, nikiwa mdogo, nimejificha nyuma ya shati lake lililonuka saruji. Muuaji alizama, akachomwa, akazikwa, na kila mara mkono wake ulitokeza tena, hata mchangani.

“Usilie, we,” Kazungu aliniambia. “Huyu hafi. Sehemu ijayo utamuona.”

Basi homa ilipomuua Kazungu, sikulia. Mchana wa maziko akina mama waliimba, majembe yakakwaruza mawe, nami nikatulia. Lakini wanaume walipoanza kushindilia udongo kwa miguu, nilimvuta mjomba shati.

“Mjomba, msikanyage sana.”

“Kwa nini, mama?”

“Kazungu atatokaje?”

Mjomba hakunicheka. Aliwaashiria wenzake, wakatoka wote juu ya kaburi, wakamalizia kuusawazisha udongo kwa viganja, polepole.

Juzi nilisimama mbele ya ile picha mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama naingia. Nilimjibu namngoja kaka yangu, kisha nikaona haya, nikaenda zangu.