Kiangazi Matete Yalipokufa

Niliporudi Mbebe kumwuguza mama, sikuweza kutulia. Nilikuwa nimezoea malori ya Tunduma yakiunguruma mpakani, na ukimya wa milimani ulinikera. Kila asubuhi, mama akishamaliza uji, nilishuka mtoni ili tu nisikae bure.

Mto wetu ni mdogo. Kando yake mama alikuwa na vinyungu, matuta ya bondeni anayolima kiangazi, amepanda maharage na magimbi. Kati ya matuta na maji yalisimama matete marefu kunizidi. Mwaka ule yalianza kugeuka manjano kuanzia chini. Magimbi yalilegea mchana. Mwanzoni yaliinuka jioni, kisha yakaacha kuinuka. Mkuyu wa pale kivukoni nao ukapukutisha majani wakati ambao si wake.

Nilipomweleza mama, aliuliza, "Na maji?"

"Yamepungua. Mawe tuliyokuwa tukiyakanyaga ndani ya maji sasa yako juani."

"Basi panda juu ukaangalie."

Nikaufuata mto. Juu nikamkuta mjomba, mdogo wake mama, amezuia maji kwa mifuko ya mchanga na kuyaelekeza kwenye kabichi zake kwa mfereji mpya. Chini ya kizuizi yalibaki madimbwi.

"Mjomba, huku kwetu matete yanakufa."

Akacheka. "Matete nani anakula? Kabichi hizi zinasubiriwa sokoni Itumba."

"Ndiyo yanayoshika ukingo wa matuta ya mama."

"Mvua ikinyesha yatachipua. Mjini kumekufundisha wasiwasi, mpwa wangu."

Huenda kweli. Lakini kila nikishuka nilikuta jambo jipya: matete yakivunjika ukiyagusa tu, magugu ya shambani yakiota hadi katikati ya mto. Siku moja nikabeba jembe, nikapanda kwenda kukibomoa kizuizi mwenyewe. Nikamkuta mke wa mjomba akimwagilia, mtoto mgongoni. Akanisalimu kwa furaha. Nikaitikia, nikarudi na jembe langu.

Mvua ya kwanza kubwa iliisomba mifuko ile yote. Mto ulishuka mwekundu, na ukingo, uliokuwa umebaki na mashina makavu, ukamegeka vipande vipande. Mkuyu ulibaki umesimama. Matuta ya mama yalikwenda na maji, yakabaki mawili.

Nilimshika mkono mama tukashuka kuangalia. Mjomba alikuwa amefika kabla yetu, kofia mkononi.

"Dada, nimekukosea."

Mama alitazama maji. "Mbegu nitaomba kwa majirani," alisema. "Udongo nitauomba kwa nani?"

Wiki ile mjomba alikuja na mizigo ya mizizi ya matete aliyoichimba bonde la jirani, tukaipanda mimi na yeye tukiwa kwenye tope hadi magotini. Mingine ilichukuliwa na maji, mingine ikashika. Kiangazi kilichofuata alichepusha maji kidogo tu, mengine akayaacha yapite. Matete yalinifika kiunoni. Mkuyu ulichipua upande mmoja.

Mama alipopata nafuu nilirudi Tunduma. Ikifika miezi ya jua kali humpigia simu mjomba kumwuliza maji yamefika wapi. Yeye hukasirika kidogo, kisha huenda kuangalia na kunipigia.