Walimnyima moto mama wa mapacha, wakasema huko ndiko kukomaa kiroho

Wakuu, poleni na majukumu. Wanaostahili shikamoo nawapa, ingawa humu nadhani wengi ni nyie mnaopaswa kunipa mimi.

Ninaloandika nililiona kwa macho yangu. Sikusimuliwa na mtu.

Nimeona uzi wa kijana mmoja anafundisha kwamba Mkristo aliyekomaa anajulikana kwa kujitenga na watu wasio safi. Watu wamejaza Amina chini yake. Nimekasirika, na sitaficha.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa mke kijana huko upande wa Maganzo. Mume wangu alikuwa kibarua mgodini Mwadui, anarudi nyumbani mwisho wa juma.

Waumini tulikuwa wachache. Kanisa la udongo, juu nyasi. Mchungaji alikuja mara moja moja, siku nyingine zote tulikuwa chini ya mzee wa kanisa. Nitamwita Mzee Zakayo, jina si lake, maana wajukuu zake wapo na hawana kosa.

Alijua kusoma. Pombe hanywi, ngomani haendi, viatu anavaa mpaka shambani. Na alihakikisha tunalijua hilo.

Jirani yangu, muumini mwenzetu, akajifungua mapacha, Kulwa na Doto. Mumewe alikuwa kaenda Geita kutafuta dhahabu, hana habari.

Kwetu Usukumani mapacha wana mambo yao. Wasipofanyiwa mila, watu wanasema mvua itakimbia. Basi mama mkwe wake akaja na wanawake wenzake, wakaimba mlangoni zile nyimbo za matusi zinazoimbiwa mapacha, wakamnyunyizia mzazi na watoto maji ya dawa na unga.

Mama Kulwa alikuwa kalala, hata kukaa hawezi. Angemfukuza nani?

Jumapili Mzee Zakayo akasimama. Akasema Mama Kulwa karudi kwenye upagani, amezuiwa Meza ya Bwana. Na mtu wa kanisa asikanyage kwake, asimchotee maji, asimpe moto, mpaka atubu mbele ya watu wote.

Ngojeni hapa, nyie watu wa viberiti. Wakati ule moto uliombwa kwa jirani. Unakwenda na kigae, unapewa kaa, unawahi nyumbani. Mzazi wa mapacha bila moto, msimu wa mvua, hana uji wala maji ya kuwakanda watoto. Ni kuua huko, hata kama umefumba macho unasali.

Na kilichonichoma zaidi ni hiki. Adhabu ya kumnyima mtu moto haikutoka kwenye Biblia. Ni mila ya wazee wetu. Mtu asipokwenda kuzika, kijiji kinamtenga: hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi, mpaka atoe mbuzi, wazee wamle. Mzee Zakayo aliikataa mila ya unga, hii ya moto akaibeba nzima nzima, akaitilia Amina juu.

Kesho yake asubuhi nikachukua kigae. Nikakutana naye njiani.

"Mwangaluka, baba."

Hakuitikia salamu yangu ya asubuhi. "Mama Elias, umebeba nini?"

"Moto."

"Wa nani?"

"Wa Mama Kulwa."

"Tangazo hukulisikia?"

"Nililisikia. Nipishe baba, kaa linazima."

"Wewe bado mchanga kiroho. Ukikomaa utaelewa."

"Sawa. Ila kuna wachanga wawili kule, wana baridi kunizidi."

Nikapita. Jumapili na mimi nikazuiwa Meza.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, nikingoja anifokee. Akavua shati, akauliza, "Kaa lilifika likiwa zima?"

"Lilifika."

"Basi nipe chakula."

Lakini moto ni jambo moja, shamba ni jingine. Mtama wa Mama Kulwa ulikuwa umemezwa na magugu, na usipopaliliwa wiki zile, mwaka mzima ni njaa. Kanisa halitaki kumsogelea. Mama mkwe wake akawaita wale wanaolima kwa ngoma, bugobogobo. Wakaja wote, hao tulioambiwa ni watu wa giza.

Nikaingia na jembe langu. Mzee Zakayo akasimama kando ya shamba, anaangalia ni muumini gani analima kwa ngoma.

Mara akatokea Mama Rebeka, mwimbaji wetu wa kanisani, jembe begani. "Jamani, mbuzi wangu hajapita huku?"

Mpiga ngoma akamjibu, "Siku hizi mbuzi anatafutwa kwa jembe?"

Watu wakacheka mpaka ngoma ikasimama. Mama Rebeka akaingia mstarini. Baada yake wakaja wengine, wala hawakutaja mbuzi. Shamba likaisha siku ileile, na wote tukazuiwa Meza.

Mchungaji alipokuja kutoa Meza, akakuta upande wa wanawake kabaki mke wa Mzee Zakayo peke yake. Akauliza makosa yetu. Akaambiwa: kupeleka moto, na kulima.

Mchungaji akasema, "Waiteni wote. Aanze mama wa mapacha."

Mama Kulwa akaja mbele, mtoto huku, mtoto huku. Mzee Zakayo akatoka nje na viatu vyake. Mpaka anazikwa hakumwomba yule mama radhi. Mama Kulwa alimpikia uji alipougua, na mzee alipokea bakuli bila kumtazama usoni.

Somo langu ni fupi, sikusoma sana. Ukomavu haupimwi kwa ulivyoviacha. Mtu anaweza kuacha pombe, ngoma na unga wa mila, moyo ukabaki palepale. Upime kwa mtu aliyeanguka karibu yako, kama amepata moto kwako.

Anayepinga aandike, nasoma zote. Ila aanze na jina la jirani ambaye yeye mwenyewe aliacha kumsalimia kwa ajili ya Yesu, halafu atueleze Yesu alimtuma lini.