Nilitangaza Mechi Ambayo Sikuiona

Mkosaji ni mimi. Wacha niseme hiyo kwanza, ndio nikianza kutaja wengine msidhani natafuta pa kujificha. Na nitawataja! Onyango wa maji, Opondo fundi wa viatu, na mimi mwenyewe. Jina langu tu ndio siandiki, kwa sababu Kibera bado kuna watu wako na mawe.

Hii ilikuwa miaka ya tisini, pale Mashimoni. Redio ilikuwa ya serikali, na hiyo haikuwa na habari na mpira wa mtaa wetu. Sasa Onyango, aliyekuwa na kioski ya maji, akapata spika ya pembe, zile za mikutano ya injili. Akaifunga juu ya mlingoti, akaunganisha na betri ya gari. Akaniita.

"Omera, ndugu yangu, wewe una mdomo. Panda juu utangaze."

Nikapanda. Mimi niliishia darasa la tano, lakini juu ya mabati ya ile kioski nilikuwa profesa! Uwanja ulikuwa hapo chini, naona kila kitu, natangaza. Mama anachota maji huku anasikia goli. Mpaka Silanga watu walikuwa wanaacha makaa yao ili wasikie vizuri.

Mechi ikiisha, Opondo anapanda, tunachambua. Huyo Opondo hajawahi kupiga mpira, hata ule wa makaratasi. Lakini kona moja alikuwa anaichambua kutoka Jumatatu mpaka Alhamisi! Watu wakaanza kuita hiyo kitu yetu steshoni. Onyango akajiita Director. Maji yake ilikuwa na chumvi, na bado foleni yake ilishinda ya kioski zote.

Shida ilikuwa mechi za ugenini. Kawaida tulikuwa tunanyamaza mpaka timu irudi. Lakini ikaja fainali, na fainali ikapangwa Kawangware, kwa wapinzani wetu. Mtaani hakukuwa na simu. Kama mtu hajatoka huko na miguu yake, hujui kitu. Nikamwambia Onyango leo spika ipumzike.

"Ipumzike? Na foleni yote hii? Hawa wataenda kuchota kwa jirani!"

"Lakini Director, kutoka hapa siwezi kuona Kawangware."

"Kwani wao wanaona?"

Opondo akacheka mpaka akaangusha nyundo. "Buda, wewe tangaza tu. Timu yetu tunaijua, yao tunaijua. Mimi naweza kukuambia sasa hivi vile itaenda."

Nikashika maiki. Jameni!

Dakika ya kumi tukafunga. Nikaona watu wanarukaruka na mitungi, maji inamwagika, wamama wanapiga vigelegele. Nikasikia utamu, nikafunga ingine. Kawangware nikawapa moja, ili isikae uongo. Halafu nikafunga ya tatu kwa kichwa. Firimbi ya mwisho nikapuliza mimi mwenyewe kwa mdomo. Tatu moja! Watu wakakata matawi, wakatoka na nyimbo kwenda kupokea kombe.

Jioni timu ikafika na sura za matanga. Wamefungwa moja bila.

"Moja bila ya wapi?" watu wakauliza. "Sisi tumesikia tatu moja!"

Kapteni akashangaa. "Mimi nilikuwa kwa uwanja!"

"Na sisi tulikuwa kwa spika!"

Macho yote yakanigeukia. Msomaji, hapo ndio ningesema neno moja tu: nilidanganya. Wangenipiga kidogo, wangenicheka mwaka mzima, na leo nisingekuwa naandika haya. Lakini Onyango akanong'ona, "Omera, watavunja kioski." Nikashika maiki tena.

Nikasema tulikuwa tumeshinda, ila kuna mtu aliuza mechi.

"Nani?"

Opondo akadakia, "Goli linapitia wapi, kama si kwa kipa?"

Nami nikasema, kwa spika, mtaa mzima ukisikia: "Ni kipa."

Kipa alikuwa Wafula. Bwana ya dada yangu Nekesa! Mtu alinipokea kwake nilipotoka mashambani, akanilaza kwa kiti chake, akanilisha miezi sita bila kununa.

Na hakuna hata mtu mmoja aliuliza vile kipa anaweza kuuza magoli matatu ambayo tumeshafunga! Hakuna! Wachezaji wenyewe, waliokuwa uwanjani, wakaanza kumwangalia Wafula kando kando. Opondo akachambua hiyo mambo wiki nzima. Ati alionekana Kawangware akila kuku. Kila siku kuku alikuwa anaongezwa miguu.

Wiki hiyo ndio kocha wa kampuni moja ya Industrial Area alikuja kumwangalia Wafula. Kampuni ilikuwa na timu, na ukichukuliwa unapewa kazi ya kudumu. Wafula alikuwa ameingoja miaka miwili kwa vibarua vya mjengo. Kocha akasimama kwa foleni ya maji, akauliza kipa anakaa wapi.

"Yule aliyeuza fainali?" wakamjibu.

Akageuka akaenda. Hata hakumwona.

Nekesa akanijia pale kioski. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ndugu yangu, wewe ulimwona akiuza?"

"Watu wanasema."

"Watu ni wewe!"

Mwezi haukuisha, walikuwa wameshafunga vitu vyao. Na unajua nyumba ya bei rahisi waliipata wapi? Kawangware! Watu wakapiga makofi: si tulisema, ameenda kwa waliomnunua! Na mimi, mbwa mimi, hiyo pia nikaitangaza.

Steshoni yenyewe haikukaa. Uchaguzi ulipokaribia, Onyango akakodisha spika kwa mtu alikuwa anataka udiwani. Huyo kwa uongo alituacha mbali sana, watu wakazoea yeye, tukafunga.

Miaka ikapita, mama yetu akafariki. Huko nyumbani kwa mazishi nikakutana na Wafula. Magoti imeisha, siku hizo alikuwa anasukuma mkokoteni. Nikataka kuanza pole zangu. Akanishika bega.

"Mulamwa, shemeji yangu, refa alikuwa wao. Alitoa penalti tatu. Mimi nilishika mbili."

Akaachilia bega langu.

"Ilikuwa mechi yangu nzuri kuliko zote. Nilikuwa narudi nikijua utaitangaza."

Akaenda kubeba viti.

Sasa wewe uliye na maiki, ama kalamu, ama mdomo tu ambao watu wanauamini, nisikie. Kama hukuona, sema hukuona. Foleni ikihama, wacha ihame! Onyango yuko, ananenepa. Opondo bado anachambua. Mimi mama alinizalia dada mmoja tu, na tangu wahame, kwa mlango wake sijawahi kuambiwa karibu.