Kwa Nini Nilimchagulia Mume Wangu Soksi

Kwanza niweke sawa jambo moja, maana nimechoka kulisikia likipita chini ya dirisha langu. Mume wangu hakuwa zuzu. Sikumlisha dawa, wala sikumkalia kichwani. Ni kweli nilimchagulia mashati, viatu, chakula na soksi kwa miaka kumi na tisa. Ni kweli pia kwamba akiulizwa ugenini, "Chai au kahawa?" alinigeukia mimi. Lakini aliniomba mwenyewe, na sababu yake ilihusu kazi.

Alikuwa mkaguzi wa mbao katika kiwanda kilichoko mtaa wa pili kutoka kwetu. Mbao zilitoka kwenye msumeno zikapita mezani kwake, akageuza kila moja, akatazama mafundo, nyufa, ukungu na kupinda, kisha akaandika kwa chaki: moja, mbili, tatu, au mkato, yaani kuni. Boriti za kubeba paa zilikuwa na utaratibu wake. Hizo alizigonga kichwani kwa nyundo yenye namba yake, na bila namba hiyo hakuna fundi aliyeruhusiwa kuzipandisha. Kwa siku ya kawaida alitoa uamuzi mara mia tano. Wafanyakazi walimwita Bwana Jicho, jina lililompendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mwaka wetu wa tano wa ndoa alijipima. Saa kumi jioni alikagua mbao arobaini, akaandika majibu kwenye karatasi badala ya kwenye mbao, akaitia mfukoni. Asubuhi akazikagua upya zile zile. Majibu ya mbao kumi na moja yalitofautiana. Alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Macho yameanza kuharibika?" nilimuuliza.

"Macho yanaona, mwalimu." Aliniita hivyo kwa sababu nilifundisha jiografia sekondari. "Ufa niliuona jana na leo nimeuona. Kinachochoka ni kile kinachosema ndiyo au hapana. Kikichoka kinasema ndiyo, ili kiachwe kipumzike."

Tangu siku hiyo, ikifika saa tisa alasiri nyundo iliingia kabatini, na kabati likafungwa. Saa zilizobaki alipanga shehena, alinoa vifaa, alifundisha vijana. Na nyumbani hakuchagua kitu. "Kila nikichagua soksi nimeshapunguza ubao mmoja," alisema. Nikamshonea mashati matano ya rangi moja. Dukani alikuwa akininyooshea mguu tu na kusema, "Mguu wangu unaujua, mwalimu, zungumza nao."

Wifi yangu hakumpa nafasi. "Kaka, chai au kahawa?"

"Muulize mwalimu."

"Jamani! Na kupumua je, nako unaomba ruhusa?"

"Huko bado ameniachia, ila si siku za kazi."

Tulicheka sote. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo nalo liandikwe.

Sasa nafika mahali ninapoandika kwa shingo upande. Kiwandani palikuwa na mkaguzi msaidizi. Watu wa mbali hawajui kwamba ni mdogo wangu, tumbo moja. Jina lake silitaji. Alipokosa kazi ni mimi niliyempigia magoti mume wangu, na mume wangu akamchukua, akamlaza chumba cha wageni mwaka mmoja na nusu, akamfundisha kugonga ubao kwa kidole na kusikiliza kama una uoza ndani. Hakuwahi kumfundisha mtu mwingine kwa subira ile.

Siku moja mdogo wangu alinikuta nikipanga nguo za wiki. "Dada, huoni haya? Mwanamume mzima unampangia hadi soksi? Huko kazini tunakucheka."

Nilipandwa na hasira. Mimi nina digrii, na sikuwa tayari kuchekwa na mtu niliyembeba mgongoni. Nikamweleza kila kitu: ile karatasi ya mfukoni, zile mbao kumi na moja, kwa nini nyundo inafungiwa saa tisa. Nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyeniomba: "Shemeji yako ukimzonga maswali mchana kutwa, jioni atakukubalia lolote ili lipite."

Alitikisa kichwa pole pole. "Kumbe," akasema. "Basi nisamehe, dada." Akamaliza chai yake akaenda.

Yaliyofuata nilielezwa na fundi wa msumeno, ambaye meza yake inatazamana na ile ya ukaguzi, mtu asiye na sababu ya kunidanganya. Siku chache baadaye mkaguzi mwenzake alikuwa mgonjwa na mume wangu alibeba kazi ya watu wawili. Tangu saa saba mdogo wangu alimwendea na vijiswali. Shemeji, turubai la kijani au la bluu? Shemeji, dereva yupi atangulie? Hizi tuziweke ukutani au mlangoni? Fundi alihesabu hadi ishirini akaacha. Saa tisa nyundo iliingia kabatini kama kawaida. Saa kumi na moja lori likaingia uani na boriti thelathini za paa la ukumbi wa shule.

"Tuziache hadi kesho asubuhi," mume wangu alisema.

"Kesho vipi, shemeji? Mafundi wako juu ya ukuta wanasubiri. Nimezikagua zote kwa mkono wangu kabla hazijapakiwa."

"Asubuhi nitaanza na hizo."

"Kwa hiyo huniamini? Miaka yote hii umenifundisha bure? Basi sema, nimwambie dada kwamba unaniona mwizi."

Fundi anasema mume wangu alifumba macho. Kisha akatoa ufunguo, akafungua kabati, akagonga boriti zote thelathini bila kugeuza hata moja.

Tisa zilikuwa zimeoza. Uoza ulikuwa umejazwa gundi na unga wa mbao, ukasuguliwa msasa ukalainika. Hilo si kosa la mtu aliyechoka. Hilo ni kazi ya mtu aliyekaa chini akafikiri. Paa lilibonyea siku ya nne. Kwa bahati mafundi walikuwa wameshuka kula, hakuumia mtu.

Kamati ya uchunguzi ilikaa katika ofisi ya meneja. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, na mlango waliuacha wazi kwa sababu ya joto. Nilimsikia mdogo wangu kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani: "Mimi ni msaidizi tu, nyundo ni yake. Na siku hizi amechoka, waheshimiwa. Hata nyumbani hawezi kuamua lolote. Muulizeni dada, yuko hapo nje, ndiye anayemchagulia soksi."

Mmoja wao alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichotoka pale kikaenea mtaani, mkakipokea.

Walimuuliza mume wangu nani alimletea boriti na nani alimhimiza. Alijibu, "Namba iliyogongwa ni yangu." Akaichomoa ile nyundo kiunoni, akaiweka mezani, wakamwachisha kazi siku hiyo hiyo.

Njiani nilimshika mkono. "Kwa nini hukumtaja? Kama hukumkatalia jioni ile, ungemtaja leo. Umechoka, ndiyo maana umenyamaza."

"Hapana, mwalimu. Hili niliamua asubuhi, kabla ya kunywa chai. Mama yenu ana mtoto mmoja wa kiume."

Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Hakufa kwa uchungu kama mnavyosimulia, alikufa kwa figo, na karatasi ya hospitali ninayo. Nyundo ya ukaguzi sasa anaishika mdogo wangu, kwa namba mpya. Mwezi uliopita alikuja hadi barazani kwangu na mkewe.

"Dada, sisi ni damu. Yaliyopita tuyaache."

"Karibu kiti," nilimwambia. Alikaa, akanywa maji, akaondoka.

Nimeandika haya kwa sababu chama cha wafanyakazi kinatoa kijitabu cha waliotumikia kiwanda, na nilionyeshwa ukurasa wa mume wangu: mistari miwili, na wa pili ulitaja paa. Ukurasa wake ni huu sasa. Wauchape wote au wasichape kabisa.

Mnaniuliza mdogo wangu alipewa nini, na aliyempa ni nani. Mnaniuliza kama mama yetu anajua, na kama nimemsamehe. Majibu yote ninayo. Siwapi.