Kikombe cha Baraka

Bi Asnakech, karani wa idara, alimjua binti mmoja mwanafunzi kwa fomu zake za utafiti wa usingizi: chache, pembe zimekunjika, kila moja ina alama ya duara la kikombe cha kahawa. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeketi kando ya mtoto mchanga. Akiingia kwa mtu kumhoji hagusi kalamu mpaka kikombe cha tatu cha kahawa, kile cha mwisho kiitwacho cha baraka, kwa kuwa hakuna mama wa Kihabeshi atakayekiri kwenye kikombe cha kwanza kwamba usiku hapati usingizi.

Siku ya kukabidhi, mhadhiri alizipima fomu zake kiganjani. "Sita tu, dada? Mwenzio Biruk kaleta arobaini kwa siku moja. Ulikwenda kutafiti au kunywa kahawa?" Wenzake wakacheka. Bi Asnakech damu ikamchemka: hizo arobaini zilikuwa safi kama shuka mpya, na humo akina mama wote arobaini walilala fofofo!

Binti akamgeukia Biruk. "Kaka, chagua mama mmoja uliyemhoji; jina lake usilitaje, ni siri. Tuambie tu, kwenye kikombe cha tatu alikwambia nini?"

Biruk akatazama viatu vyake. Mhadhiri akakohoa, akamsukumia karani zile arobaini azigonge muhuri. Bi Asnakech akagonga zile sita, moja moja, kisha akaufungia muhuri kwenye droo.