Injini ya Wakonyo Ilipofunguliwa

Mke wangu Wakonyo alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na sita. Alexander, dereva wa lori la maziwa, alimfundisha kwenye uwanja wa kanisa, na kwa wiki mbili ua la kanisa lilikuwa na pengo. Halafu akajua. Tangu hapo pikapu ya buluu ikawa yake, ingawa jina kwenye karatasi ni langu, Muchiri.

Kila asubuhi alipeleka maziwa. Alikalia gunia lililokunjwa ili aone barabara. Ukungu ukipanda kutoka Fort Ternan na kufunika mashamba ya chai, humwoni. Unasikia tu injini ikiongea peke yake ndani ya weupe. Akina mama wa Kipsigis walimwita Bot Shirley, yaani mama yake Shirley, na yeyote aliyeinua mkono alibebwa. Alibeba kondoo dume. Alibeba wanawake wa kujifungua. Mara moja alibeba jeneza. Kwa ng'ombe aliongea Kikipsigis, kwangu Kikuyu, kwa Mungu Kiswahili.

Mwezi wa kwanza mwaka huu kifua kilimbana alfajiri. Nilimweka kwenye pikapu nikashika njia ya Kericho. Tulipofika mlimani gari likachemka. Mvuke ukatoka chini ya boneti, injini ikatetemeka, ikazima. Tulikaa hapo mpaka gari lingine likapita. Wakonyo aliegemeza kichwa kwenye dirisha akitazama mvuke, kama mtu anayetazama nguo zikikauka. Tulipofika hospitali alikuwa ameshaenda.

Siku ya mazishi binti yetu Shirley aliniuliza jambo moja: kama nilitia maji ya kupoza injini kwenye rejeta kabla ya kutoka. Nikasema nilitia.

"Baba, una hakika?"

Sikuwa na hakika. Asubuhi ile naiona kama ndoto. Naona mtungi, naona mkono wangu. Siku nyingine mtungi umejaa. Siku nyingine ni mtupu. Shirley aliona nilivyochelewa kujibu. Akarudi kwake Bomet, simu zake zikawa fupi, halafu zikakoma.

Pikapu ilikokotwa hadi nyumbani ikakaa kando ya zizi miezi tisa. Kuku walitaga ndani. Watu walisema ni chuma tu, niiondoe. Sikuiondoa. Nilitaka kujua kama ni mimi.

Ndipo nikamwita Chelangat. Ni fundi, mwanamke wa kutoka Chebunyo, na karakana yake iko karibu na reli. Nilimwambia sihitaji gari liwake tu. Nataka aniambie kama siku ile lilikuwa na maji.

Alifuta mikono akafikiri. "Mzee, injini haina kalenda," alisema. "Lakini haijui kudanganya."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Alisema maji yameingia kwenye oili. Akaimwaga, akamimina nyingine, akatia maji kwenye rejeta, akazungusha injini kwa spana, kwa mkono, polepole, mpaka ikakubali. Akaunganisha betri ya gari lake. Likawaka. Lilikohoa, na nyuma ukatoka moshi mweupe mzito, ukaenda ukalala juu ya chai. Ukungu ulikuwepo pia asubuhi hiyo. Sikujua upi ni upi. Nilisimama nikisikiliza, na kwa muda mfupi nilikuwa mtu anayesubiri mke wake arudi na mitungi mitupu.

Chelangat alinivuta mkono nione maji ya rejeta yakitoa mapovu. Akazima. Alisema gasketi ya hedi imekufa. Ni kipande chembamba, alieleza, kinachokaa katikati ya injini na kifuniko chake cha juu, ndiyo hedi. Moto una chumba chake, maji yana chumba chake, oili ina chumba chake. Gasketi ndiyo kuta. Ukuta ukiungua, wote wanalala chumba kimoja.

Alifungua bolti moja moja akazipanga kwenye kadibodi. Hedi tuliiinua pamoja, yeye huku, mimi kule. Kati ya silinda ya pili na ya tatu gasketi ilikuwa imeungua, alama nyeusi isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Nikashangaa udogo wake. Akaweka rula ya chuma juu ya hedi, mwanga ukapita chini yake. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto.

Nikauliza, basi hakukuwa na maji?

Alisema inaweza kuwa hivyo. Gasketi inaonyesha gari lilichemka. Haionyeshi kwa nini. Nilikaa kwenye jiwe. Yeye akaendelea kufanya kazi.

Alifungua rejeta, akamimina maji juu. Chini hakikutoka kitu. Akasukuma waya kwenye tundu, kikatoka kigamba cha rangi nyekundu iliyokolea, kigumu. Alikivunja kwa kidole, akanusa, akacheka kidogo.

"Mzee, hii ni wimbi. Nani alikuwa anapikia rejeta uji?"

Si jambo geni huku. Rejeta ikivuja, mtu hutia unga wa wimbi, unavimba, unaziba tundu. Ukizidisha, unaziba kila njia. Nilimwambia sikutia mimi. Na gari hilo lilikuwa na madereva wawili tu.

Chelangat akaacha kucheka. "Basi sikia. Hata ungetia mto mzima asubuhi ile, ingechemka. Maji hayakuwa na njia."

Nilikwenda kwa jirani, Bilhah, aliyekuwa rafiki wa Wakonyo. Alikuwa anachambua mboga. Nilipotaja wimbi aliiweka chini. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha Wakonyo, akaapishwa asiniambie. Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu ulisema maji yakivuja tena unauza gari."

Nilikumbuka. Nilisema tukila, bila hata kuinua kichwa. Wakonyo aliniongezea viazi. Kumbe baada ya hapo alikuwa anaamka kabla yangu, anachota unga, anautia kidogo kidogo ukunguni, halafu anakwenda na maziwa yake. Nilikuwa namsikia akifungua boneti kila alfajiri. Nilidhani naota.

Bilhah aliniomba nisimwambie Shirley. Marehemu hasemwi, alisema. Niseme maji yalikuwepo, rejeta ilikuwa kuukuu, yaishe.

Chelangat alipeleka hedi Kericho ikasawazishwa kwa mashine. Rejeta haikuokoka, akaleta ya gari lingine. Akalaza gasketi mpya kama anayetandika kitambaa cha meza ya Bwana. Bolti alikaza akianzia katikati kwenda nje, kidogo, mizunguko mitatu, akihesabu kwa Kikipsigis. Gari likawaka. Moshi mweupe haukuwepo tena. Aliniambia niendeshe pole siku za kwanza.

Nikaendesha hadi Bomet. Chai ilipita pande zote mbili, kijani, kijani, nami nikapanga maneno. Nitasema yale ya maji. Ya wimbi nitayaacha.

Shirley alisikia injini akatoka hadi langoni. Alisimama na nguo mbichi mkononi, maji yakimdondokea miguuni. Nilijua alitegemea kumwona nani.

Tulikaa kwenye ngazi ya nyumba. Nikasema ya maji, kwamba hata kama yalijaa, gari lingechemka. Akauliza, basi ilichemkaje? Sikuweza kuzunguka. Nikasema ya wimbi. Alianza kunung'unika, mama naye, mama na mambo yake. Hapo sikuvumilia. Nikasema na ile ya mwisho, kwamba alinificha kwa sababu ya mdomo wangu, nilisema nitaliuza gari.

Shirley aliziweka zile nguo mapajani.

"Ungeiuza kweli, baba?"

"Hapana. Nilisema tu."

"Na yeye hakujua ulisema tu."

"Hakujua."

Alizikunja zile nguo mbichi kama zilizokauka, akazikunjua tena. Kisha akasema, "Na mimi nimekupimia lawama kwa maji yale miezi tisa."

Hakusema nimsamehe, wala mimi sikumwambia anisamehe. Aliniambia nikae mpaka Jumapili. Nikakaa.